Laptopu ya nyumbani na chuoni: mpangilio upi unabaki, upi unakufuata

Muhula ukianza, chumba chetu cha TEHAMA hujaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye lalamiko moja: "Kaka, nyumbani inafunguka vizuri, hapa imegoma." Wiki inayofuata wanakuja wengine na lalamiko hilohilo lililogeuzwa: chuoni safi, nyumbani haifungui hata ukurasa mmoja. Nyingi ya laptopu hizo ni nzima kabisa. Zimebeba tu mpangilio wa mahali pamoja zikaenda nao pengine.

Wadogo zangu, anzeni kwa kutofautisha vitu viwili. Kuna mpangilio unaokaa na mtandao husika, na kuna unaokaa na kompyuta. Nenosiri la Wi-Fi ni la aina ya kwanza: ukiondoka linatulia, ukirudi laptopu inalikumbuka yenyewe. Proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako kwenda intaneti, kwenye Windows ni ya aina ya pili. Ukiiwasha chuoni, utakwenda nayo mpaka sebuleni kwenu, na hata ukiunga hotspoti ya simu bado ipo.

Na proksi ndiyo inayowatesa wengi. Chuo kinachoitumia hukupa anwani ya seva na namba ya poti, mara nyingi 8080 au 3128. Unaijaza, mambo yanakwenda. Jioni uko nyumbani, alama ya Wi-Fi imejaa, lakini kivinjari kinasema seva ya proksi haijibu. Itajibuje, wakati iko ndani ya mtandao wa chuo na wewe uko nje? Hapo ndipo mtu anazima rauta na kuiwasha, anagombana na mdogo wake kwamba anamaliza intaneti, mwisho ananunua bando jipya. Dawa ni kufungua Settings, ukaingia Network & internet, kisha Proxy, ukazima palipoandikwa "Use a proxy server". Usifute anwani; iache palepale, kesho chuoni unawasha tu. Kama chuo kinatoa anwani ya skripti ya proksi (faili linalokiambia kivinjari lini kipite kwenye proksi), chukua hiyo, maana skripti isipopatikana kivinjari kwa kawaida hupita moja kwa moja bila kukusumbua.

Angalizo kwa wanaotumia Firefox: ina sehemu yake ya proksi. Ukiona Chrome inafungua na Firefox haifungui, tatizo si mtandao, kaangalie humo.

Anwani ya IP, namba inayoitambulisha laptopu kwenye mtandao, nayo ina vituko vyake. Mtu aliyekufungia printa nyumbani anaweza kuwa ameandika 192.168.1.50 kwa mkono kwenye kadi ya mtandao, na hapo inaganda popote uendako. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig uone anwani yako, kisha mwombe jirani yako mezani naye aandike. Yake ikianza na 10 na yako na 192.168, na mko kwenye Wi-Fi moja, umeshapata jibu: rudisha kwenye hali ya kupewa anwani na mtandao. Ukikuta yako inaanza na 169.254, maana yake ni nyingine: laptopu iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Jitoe kwenye mtandao, ingia tena. Ikirudia, hilo ni la kwetu mafundi.

DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, ni hivyohivyo. Kuna rafiki kila bweni anayeshauri uweke 8.8.8.8 (DNS ya Google) ili intaneti "ikimbie". Nyumbani haina shida. Chuoni huenda ukurasa wa kuingilia usitokee kabisa, kwa sababu jina la ukurasa huo linajulikana na seva za chuo peke yake, au chuo kimezuia DNS za nje. VPN ya bure (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali) iliyosahaulika ikiwa imewashwa huleta balaa lilelile.

Chuo chenu kikiwa na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, jiunge nayo mapema. Kwa Tanzania inasimamiwa na TERNET, kwa Kenya na KENET, kwa Uganda na RENU, ambayo ni mitandao ya vyuo na taasisi za utafiti, na ukishaiweka sawa kwenye chuo chako utaunganika pia ukitembelea chuo kingine kilichojiunga. Kosa la kila siku ni kuandika jina bila sehemu inayofuata alama ya @. Bila hiyo, chuo ulichotembelea hakijui kikuulizie wapi.

Sasa kuna mpangilio mmoja unaokaa na mtandao, na huu ni rafiki wa mfuko wako. Ukiwa umeunga hotspoti ya simu, fungua sifa za mtandao huo na uwashe "Metered connection". Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho yake, na bando la wiki halitaishia usiku mmoja. Kwenye Wi-Fi ya chuo iache imezimwa, na masasisho makubwa yashushe huko.

Wenye Mac wana nafuu: kuna kitu kinaitwa Locations, unatengeneza "Nyumbani" na "Chuo", proksi na DNS zinabadilika pamoja kwa kubofya mara moja. Kwenye Ubuntu, IP na DNS hukaa na kila mtandao, lakini proksi ni ya mfumo mzima.

Msikimbilie "Network reset". Inafuta Wi-Fi zote zilizohifadhiwa, na huenda ukalazimika kuweka upya VPN. Badala yake, siku ambayo kila kitu kinafanya kazi nyumbani, andika ipconfig /all > nyumbani.txt kwenye dirisha la amri. Ukiwa chuoni fanya vivyo hivyo kwa chuo.txt. Siku ikigoma, njoo na mafaili hayo mawili. Tukiyaweka sambamba na hali ya siku hiyo, tofauti ya IP au DNS huonekana hata kabla hujamaliza kueleza.