Hesabu Kwanza, Msamaha Baadaye: Nilichojifunza Baada ya Kuachwa Mlimani

Wiki iliyopita tulipanda mlima na hatukufika kileleni. Tuligeuka tukiwa tumebakiza kama dakika 40, mbingu iko wazi, kilele tunakiona kwa macho. Nimerudi nyumbani na furaha ambayo hakuna kilele nilichowahi kukanyaga kilichonipa. Nitaeleza kwa nini, ila lazima nianzie mbali, maana siku mbili baada ya kurudi nilikuta ujumbe wa msomaji mmoja ambao ni kama aliuandika akiwa ndani ya moyo wangu.

Anasema: “Dada, marafiki zangu waliniacha nyuma msituni nikapotea nusu siku. Wameniomba radhi na nimewasamehe, ni wapendwa wenzangu tunaosali pamoja. Lakini kila wakinialika safari nyingine tumbo linanikata. Je, ina maana sijasamehe?”

Mpendwa, huenda bado. Lakini sikulaumu, kwa sababu na mimi nilisamehe hivyohivyo, na miaka miwili ikapita nikiwa nimebeba jiwe.

Tulikuwa wanne, tumekua pamoja kwenye kwaya ya vijana. Kila likizo tuko nje: maporomoko ya maji, misitu, mahema yanayovuja, kuimba usiku kucha kando ya moto. Mmoja wao tulikuwa chanda na pete. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga safari, na ndiye aliyetufundisha kwamba mlima unataka hesabu. Ipo kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Sisi tulikuwa na kilomita 8 na mita 1,500 za kupanda, kwa hiyo kama saa nne kwa mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Tukaamua tuondoke kambini saa moja asubuhi, na ikifika saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka. Hakuna mjadala. Tulishikana mikono tukaombea jambo hilo.

Saa nane ilinikuta nimekaa kwenye jiwe kubwa lililo chini ya kilele, goti linawaka moto. Wenzangu walikuwa wamesimama wakiangalia juu. Yule rafiki yangu akasema, “Ngoja tukimbie mara moja, tunarudi kukuchukua.” Begi langu alikuwa amelibeba yeye tangu asubuhi, kwa upendo, aliponiona nachechemea. Akaondoka nalo. Ndani yake mlikuwa na koti langu la mvua, tochi ya kichwani, filimbi na chupa ya pili ya maji.

Ukungu ulishuka kabla hata sijamaliza kuomba. Wao walifika, wakashuka, na kwenye ukungu wakaingia njia nyingine inayokutana na ile ya kwanza chini kabisa. Wakaamini nimeshatangulia kambini. Mimi niko juu ya jiwe, nangoja.

Watu wa tambarare hawajui baridi ya mlima inavyokuja. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukilowa, upepo unamalizia kazi. Mvua ilinikuta na fulana na sweta jepesi. Nilitetemeka mpaka meno yakaniuma. Saa kumi na moja nikaanza kushuka peke yangu kwa goti moja. Kiza kilipoingia nilijaribu kufunga kifungo cha sweta, vidole vikakataa, nikakiangalia kile kifungo kama kitu nisichokijua. Baadaye nilisoma kwamba hizo ndizo dalili za mwili kupoteza joto: kutetemeka, mikono kuwa mizito, kisha akili nayo inapunguza mwendo. Ukiacha kutetemeka na bado uko kwenye baridi, hapo hali imezidi kuwa mbaya.

Filimbi sina, nikaimba. Niliimba sauti ya pili, peke yake, bila ile ya kwanza, mpaka koo likakauka. Saa tatu usiku vijana wawili wa kundi lingine, watu nisiowajua, waliisikia sauti hiyo wakapanda kunifuata. Walinivika koti lao, wakanipa maji ya moto, wakanishusha wakinishika huku na huku. Mungu awabariki popote walipo.

Rafiki yangu alinikumbatia akalia sana. Asubuhi, ndani ya gari, akasema, “Nisamehe, lakini ukungu ule, lakini tulidhani umeshuka.” Nikajibu upesi, “Nimekusamehe, yameisha.” Kila mtu akapumua. Mtu akawasha nyimbo.

Yalikuwa hayajaisha. Siku ya tatu niliona picha aliyoirusha mtandaoni akiwa kileleni. Watu watatu wanacheka, na maneno: “Bwana ametufikisha sote.” Sote! Nililitazama neno hilo usiku mzima. Kuanzia hapo simu zake nikawa nazijibu kesho yake. Harusi yake nilihudhuria, nikakaa mstari wa nyuma, nikaondoka kabla ya hotuba. Kanisani nilimsalimia kwa “Bwana asifiwe” iliyonyooka, na aliyeniuliza nilimwambia tuko sawa. Nilikuwa nasema uongo madhabahuni.

Kilichonifungua macho ni mfano ambao naamini nilikuwa nimeusikia zaidi ya mara mia, ule wa Mathayo 18 wa mtumwa asiyesamehe. Petro anauliza asamehe mara ngapi, Yesu anamwambia saba mara sabini, kisha anaanza kusimulia. Sisi tunakimbilia mwisho wa hadithi, pale mtumwa anapokabidhiwa kwa watesaji. Mimi siku hiyo nilikwama mwanzoni. Mfalme alitaka *kufanya hesabu* na watumwa wake. Kabla ya huruma, kabla ya kusamehe hata senti, daftari lilifunguliwa. Deni likatajwa: talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, ni kazi ya zaidi ya miaka 160,000. Hilo ndilo lililofutwa, na mfalme alijua anafuta nini.

Tena liangalie na lile deni la pili, dinari 100 ambazo mtumwa huyo alimdai mtumwa mwenzake. Wahubiri wengi hulifanya kama si kitu. Ni kibarua cha siku mia, zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema kwamba mwenzake yule hakudaiwa chochote. Aliweka kiasi. Niliposoma hivyo nililia, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa najilazimisha kuamini kwamba nilichotendewa ni kidogo, kwa hiyo hakipaswi kuuma.

Basi nikachukua daftari nikaandika. Ulivunja saa nane. Uliondoka na koti langu. Hukuhakikisha kama nimeshuka. Mlinitafuta kwa muda wa saa moja mkarudi kambini kwa sababu ya mvua, wakati mimi niko ndani ya mvua hiyohiyo. Uliandika “sote.” Uliomba radhi yenye “lakini” mbili. Ukurasa mzima ulijaa na mkono haukuchoka.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili, na hapo Roho Mtakatifu alinishika kweli. Goti langu lilikuwa limevimba tangu jana yake. Nilijua. Nilimeza dawa ya maumivu gizani ndani ya hema ili wasione, kwa kuwa sikutaka kuwa mtu wa kuharibu safari. Na pale kwenye jiwe, aliposema ngoja tukimbie, mimi ndiye niliyesema, “Nendeni tu, niko salama.” Nilisema kwa mdomo nikitamani wakatae. Miaka miwili nilimhukumu mwenzangu kwa kutii maneno yangu mwenyewe. Simwondolei deni lake, alikuwa anajua saa, na alikuwa na begi. Lakini na mimi nilikuwa mdaiwa, nimekaa kwenye kiti cha mfalme.

Nilimpigia. Tukakutana ufukweni mwa ziwa, sisi wawili, tukawasha moto. Sikupachagua mahali hapo kwa bahati. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa, Yohana sura ya 18. Sura ya 21, baada ya kufufuka, Yesu anawasha moto wa makaa kando ya bahari, anamlisha kwanza, halafu anamuuliza mara tatu, “Wanipenda?” Mara tatu, na mara ya tatu Petro akahuzunika. Bwana hakumwambia yameisha, twende. Alimrudisha kwenye moto, akapita naye jambo moja baada ya jingine, na baada ya hapo akamkabidhi kondoo. Sijaona mahali pengine panaponionyesha hivyo kwamba upendo na hesabu vinaweza kukaa kwenye moto mmoja.

Nilianza na ukurasa wangu wa pili. Nilimwambia habari za goti na dawa. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha nikasoma ule wa kwanza, kila mstari. Akajibu kila mstari, na safari hii hapakuwa na “lakini.” Alisema kileleni aliangalia saa, akajua wamepitiliza, akaamua kutoangalia tena. Alisema picha ile aliifuta baada ya wiki lakini aliona aibu kuniambia. Nilipofika mwisho nikasema nimekusamehe, na sauti ikanitetemeka, maana sasa nilikuwa najua ninachokitoa. Daftari tulilitia motoni. Naye akanisamehe goti.

Kwa hiyo, mpendwa uliyeniandikia, fanya hesabu. Andika ulichotendewa kwa majina yake halisi, usikipunguze, usikiongeze. Kisha geuza ukurasa. Nasema tena, fanya hesabu, kwa sababu msamaha wa haraka wa Kikristo umetuumiza wengi. Tunaambiwa “samehe na usahau” kana kwamba ni mstari wa Biblia. Itafute, hutaipata. Utakachokipata ni Luka 17:3, ndugu yako akikosa, *mwonye*, akitubu, msamehe. Kumwonya ndiko kunakotajwa mbele. Wapo viongozi wanaomharakisha aliyeumizwa ili kundi litulie, na kundi linatulia kweli, ila mtu mmoja anatoka hapo na jiwe. Ndugu zangu, tuache hilo.

Na kusamehe hakumaanishi kurudi kesho yake kwenye kamba ileile. Aliyekupiga, aliyekutelekeza kwa makusudi na hana toba, unaweza kumwachilia mbele za Mungu na usipande naye mlima tena. Hata watumishi wa Bwana waligawana njia. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge, mbele yao ikiwa ni milima ya Tauro. Biblia haisemi kwa nini alirudi. Paulo akakataa kumchukua safari iliyofuata, wakashindana vikali, Barnaba akaenda na Marko Kipro, Paulo akaenda na Sila. Miaka baadaye, Paulo akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, “maana anifaa kwa utumishi.” Kati ya ugomvi na barua hiyo kuna miaka ambayo hatusimuliwi. Nawe ruhusu miaka yako ipite. Tumbo kukukata si dhambi. Dhambi ni kujifanya haliumi huku unamkwepa mwenzako kwenye mlango wa kanisa.

Na mkienda tena, nendeni kwa adabu ya mlima. Kila mtu abebe koti lake, tochi yake, filimbi yake, maji yake, hata kama anapendwa namna gani. Mwenye mwendo wa polepole atembee mbele. Anayeumwa aseme asubuhi, si saa nane. Filimbi sita ndani ya dakika moja, unyamaze dakika moja, urudie. Milimani wengi wanajua kwamba huo ni wito wa msaada. Na mtu yeyote akisema “nendeni tu,” msiende.

Wiki iliyopita tulikuwa walewale wanne. Asubuhi mvua ilituchelewesha, njia ikateleza, na saa nane kamili ikatukuta kwenye jiwe lilelile. Goti langu lilikuwa zima. Kilele kilikuwa pale, jua linakiangaza, na mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini, “Dakika 40 tu.” Moyo ulinidunda mpaka masikioni. Sikusema neno. Nilitaka nione.

Rafiki yangu aliangalia saa yake. Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Akasema, “Saa nane,” akageuka, akaanza kushuka, na hakuangalia nyuma kukitafuta kilele.

Huko chini alijitolea kunibebea begi. Nikamwambia hapana, asante. Alielewa, hakukasirika. Tukashuka yeye nyuma yangu, kila mmoja na mzigo wake, na kabla ya kufika kambini akaanza kuimba sauti ya kwanza.