Mkono Ukifa Ganzi, Usiukung'ute Tu

Juzi nimemwona mdogo wetu mmoja, aliyeanza kazi mwaka huu, akiutoa mkono wa kulia kwenye kipanya, akaukung'uta mara nne tano kama mtu anayekausha maji, akaurudisha palepale na kuendelea kujaza jedwali. Hakuutazama hata kidogo. Haikupita robo saa akarudia. Niliacha kazi yangu, maana mkung'uto ule naujua. Niliufanya miezi minane kabla sijakwenda kwa daktari.

Wadogo zangu mlioingia kwenye kazi hii ya kuingiza data na kuandaa ripoti, nawapenda, na ndiyo maana nachoka kuwaona mkirudia yaleyale. Haya basi.

1. Kiti kwanza. Mnafika, mnaandika nywila, mnaanza, na kiti mmekikuta kama alivyokiacha wa zamu iliyopita, aliyewazidi urefu kwa kichwa kizima. Kipandishe au kishushe mpaka viwiko vikae usawa wa kibodi. Kama miguu inaning'inia, weka boksi la karatasi chini yake.

2. Skrini iwe mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ufike usawa wa macho au chini kidogo. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo shingo inavyokibeba kwa taabu. Wa laptopu ndio mnaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu skrini na kibodi vimeungana: ukipata nafuu ya shingo, mikono inaumia, ukiipa mikono nafuu, shingo inaumia. Iinueni juu ya vitabu, mchomeke kibodi na kipanya vya pembeni. Yupo aliyenijibu kwamba yeye bado kijana. Mimi nilikuwa na miaka 26.

3. Mikono. Hapa nitakaa.

Nilikuwa nasifiwa kwa kasi, na sifa zile nilizipenda mno. Mwisho wa mwezi nilikuwa nakaa saa 11 bila kuinuka ila kwa haja. Kibodi yangu nilikuwa nimeisimamisha kwa vile vimiguu vya nyuma, kwa kuamini kwamba vimewekwa ili vitumike. Vikisimama, kibodi inainuka kwa nyuma na viganja vinapinda kwenda juu. Vifundo vya mikono nilikuwa nimeviegemeza kwenye ukingo wa meza, hata jioni nikiinua mkono kuna mstari mwekundu umejichora pale. Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Nikakung'uta, ikaondoka. Nikajua dawa ni kukung'uta.

Mwezi wa tatu ikahamia usiku. Naamka saa tisa nikidhani nimeulalia mkono, nauning'iniza nje ya kitanda mpaka damu irudi, nalala tena. Asubuhi nafunga vifungo vya shati: nimekishika kifungo lakini sikisikii, mpaka nikitazame ndipo nijue kiko kati ya vidole. Sikumwambia mtu. Ripoti za robo mwaka zilikuwa zinangojwa, nami niliogopa kuonekana kazi imenishinda.

Kisha nikafanya kosa ninalolijutia kuliko yote: nilihamishia kipanya mkono wa kushoto. Sikupunguza saa, sikukunja vimiguu vya kibodi, sikubadili mkao. Niliuchukua mzigo uleule nikautwika mkono mzima. Wiki ya sita, kushoto nako ganzi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Bernardino Ramazzini, daktari Mwitaliano aliyeandika mwaka 1713 kuhusu maradhi ya makarani. Sababu alizitaja tatu: kukaa kutwa, mkono kurudia mwendo uleule bila kupumzika, na akili kukazana isikosee. Akaeleza habari za mwandishi wa hati aliyemfahamu, ambaye mkono wa kulia ulichoka hadi ukapooza. Yule bwana akajifunza kuandika kwa kushoto, na haukupita muda kushoto nako kukashikwa. Niliirudia aya hiyo mara mbili. Kalamu yake na kipanya changu vimeachana kwa miaka 300, na tulipita njia ileile.

Nilikwenda hospitali baada ya kikombe kuniponyoka kikaoni, mbele ya watu wote. Daktari akaanza na swali ambalo sikulitegemea: kidole cha mwisho nacho kina ganzi? Hakina. Akanieleza kwamba katikati ya kifundo cha mkono kuna uchochoro mwembamba ambamo kano tisa za vidole zinapita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, na ukikikunja kifundo kwa muda mrefu mshipa ule unabanwa. Ndio unaohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake, na huo huteseka zaidi kwa wanaoegemea kiwiko mezani. Akanipima sukari na tezi ya shingo pia, kwa kuwa navyo vinaweza kuleta ganzi hii, kama ujauzito unavyoweza kwa akina mama; si kila mara kompyuta ndiyo yenye kosa.

Mwisho akaniambia niweke viganja viwili pamoja, nivitazame. Ile nyama iliyotuna chini ya gumba, kwa upande wa kulia ilikuwa imebonyea.

Kushoto kulipona kwa kifaa cha kufunga kifundo kisijikunje, nikikivaa kila nilalapo. Kulia nilifanyiwa upasuaji. Ganzi imekwisha, nguvu ya gumba haikurudi yote, na chupa yenye kifuniko kigumu naifungua kwa kushoto hadi leo.

Kwa hiyo kunjeni vimiguu vya kibodi. Kifundo kikae sawa na mkono, kisipinde juu wala pembeni. Kipanya kiwe ubavuni mwa kibodi, usikifuate mbali. Jifunzeni kufanya kwa vibonye vya kibodi kile mnachokifanya kwa kubofya mara elfu. Na ganzi inayokuamsha usiku ipelekeni kwa daktari wiki hiyohiyo, mwezi usiishe.

4. Macho. Tukikodolea skrini tunapepesa mara chache, macho yanakauka, yanawasha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 hivi kutoka ulipo, kwa sekunde 20. Dirisha liwe ubavuni mwako. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu msiikimbilie: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Mkiona ukungu, kapimeni macho.

5. Inukeni kila nusu saa, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi. Kuna mwenzenu anayekuja na chupa ya maji ya lita mbili anaiweka mezani ili asiinuke kutwa. Kunywa maji kumenifurahisha sana, chupa naomba aiache nyumbani. Chukua kikombe kidogo, kikiisha uende ukajaze.

Yule kijana nilimwita pembeni jana. Nikamuuliza ni vidole vipi, akanionyesha gumba, shahada na cha kati, bila mimi kumtajia. Nikamuuliza, na usiku je? Akainamisha macho, akasema tangu mwezi jana. Tumekunja vimiguu vya kibodi yake na kushusha kiti. Jumatatu asubuhi anakwenda kwa daktari, na jedwali lake nitalimalizia mimi.