Waya wa netiweki wa depo sio ule wa ofisini

Wadogo zangu mnaokuja fildi mwaka huu, hasa nyie mliosoma netiweki mkazoea ofisi za mjini zenye AC, njooni tuongee kidogo. Mi ni fundi wa vifaa vya vipimo, nimezunguka depo za mafuta, viwanda vya samaki na vya kuchambua pamba huku kanda ya ziwa, na kitu kilichowahi kunitoa jasho jembamba sio tanki wala pampu, ni kile kiplagi cha plastiki cha kebo ya Ethaneti, hii hii ya netiweki.

Ofisini netiweki ikikata unachomoa unachomeka, taa ikiwaka basi. Sasa mi wiki ya pili tu kazini nipo pembeni ya pampu ya petroli, kamera haionyeshi kitu, nikafungua boksi (kosa la kwanza hilo), nikashika plagi nikabonyeza kale kaulimi kake, kabla sijavuta mzee niliyekuwa naye akanidaka mkono. Hakufoka hata. Akauliza, "Hiyo imebeba nini?" Nikasema data mzee. "Na umeme wa kamera unapita wapi?"

Nikabaki naangalia. Kamera ilikuwa inakula umeme humohumo kwenye kebo ya data, umeme ambao unaweza kufika volti 57, ukichomoa ikiwa hai kwenye pini inatoka kacheche ambako macho yako hayakaoni lakini mvuke unakaona. Na mvuke wa petroli hautaki mwingi, ukishafika kama asilimia 1.4 ya hewa unashika, halafu ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda zake, unatambaa chini kwenye mitaro na kwenye mashimo ya kebo, yaani palepale unapopiga magoti kufanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza IP (anwani ya kifaa kwenye netiweki) uliza zoni, yaani hapo mahali pana hatari kiasi gani ya mvuke au vumbi la kulipuka. Zoni 0 ni pale mvuke upo muda wote, mfano ndani ya tanki, zoni 1 unategemewa kutokea kwenye kazi za kawaida, zoni 2 ni mara chache na kwa muda mfupi. Vumbi nalo lina zake, 20, 21 na 22, msidhani pamba ni salama kisa laini, zile nyuzi zinazopeperuka zimewekewa kundi lake kabisa, IIIA. Kwenye samaki kuna amonia ya mitambo ya barafu, hiyo inahitaji asilimia 15 hivi kuwaka na inapanda juu, kwa hiyo ni hesabu nyingine. Laptopu yako ya kawaida na simu yako haziingii zoni 1 bila kibali na bila mtu kupima gesi kwanza, hata kama bosi anapiga simu anataka ripoti.

Umbali sasa. Kebo ya shaba ya Ethaneti ya kawaida mwisho mita 100, na kutoka kontroli rumu mpaka tanki la mwisho mara nyingi inazidi, ndo maana tunavuta faiba, ile kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga. Ila kwangu mimi sababu kubwa ni radi. Mnajua wenyewe radi za ziwani, usiku hadi alfajiri zinapiga. Sehemu moja walivuta shaba nje kati ya majengo mawili kubana bajeti, msimu wa mvua swichi mbili (vile vifaa vya kuunganisha kebo za netiweki) zikaungua usiku mmoja, hela ya faiba ikatoka tu, na ya swichi juu yake. Faiba haipitishi radi, ingawa nayo msiichezee, mwanga ukiwa mkali sana unaweza kuchemsha chembe mpaka iwashe gesi, ina sheria zake.

Siku hizi kuna hii Ethaneti ya APL, ya kuunganisha vipimo vya viwandani, ilizinduliwa 2021, waya mbili tu zinabeba data na umeme pamoja, megabiti 10 kwa sekunde, njia kuu inafika mita 1000 na tawi mita 200, na tawi linaweza kubanwa nishati mpaka likafika hadi zoni 0 bila cheche ya kuwasha kitu. Mi naipenda kwa sababu mafundi wa zamani wa 4-20 milliamp (ule mfumo wa kutuma kipimo kwa ukubwa wa mkondo wa umeme) hawaiogopi, ni waya mbili kama walizozoea. Shida yake ni kwamba sasa kila kipimo kina IP, dogo mmoja alichomeka laptopu kontroli rumu ikiwa na IP sawa na ya kipimo cha tanki, kina cha mafuta kikapotea kwenye skrini katikati ya kupokea mzigo, mpaka ikabidi mtu apande tanki na mkanda wa kupimia.

La mwisho, maboksi. Yale mazito ya kuzuia mlipuko usitoke nje, ukifungua hesabu bolti, ukirudisha pungufu hata moja hilo sio boksi la Ex (la maeneo yenye hatari ya mlipuko) tena. Na tundu la kebo lisilotumika liwe na kizibo chake halisi, sio solotepu. Niliwahi kufungua moja nikakuta limejaa wale vidudu vya ziwani wanaoruka kama moshi, wamekufa wamegandamana juu ya swichi kama kashata. Kama mdudu kapita, mvuke umepita zamani. Tulizima laini nzima, tukasafisha kwa brashi, kizibo tukakisubiri stoo siku tatu.