Nguo za ndani za kupandia Kilimanjaro

Dada, umeuliza kama fulana mbili za pamba na taiti zitatosha chini ya koti kupanda Kilimanjaro. Fulana ziache Dar. Pamba hunywa jasho na haikauki upesi. Usiku wa kwenda kileleni, ambako baridi huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, ukisimama kidogo tu mgongo unaganda.

Nenda soko la mitumba la Karume asubuhi, mabelo yakifunguliwa. Tafuta sufu ya merino (kondoo wa sufu laini) au poliesta, mikono mirefu. Lebo ikiwa imekatwa, muombe muuzaji uzi mmoja wa pindoni uuchome: sufu hunuka nywele zilizoungua na moto hujizima, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu, pamba hunuka karatasi. Merino iinue juani uone matundu ya nondo, hasa kwapani.

Ijaribu: ishike mwili bila kubana, na ukinyoosha mikono juu isipande hadi kitovuni. Poliesta ni rahisi na hukauka haraka, ila hushika harufu: siku ya pili tu wenzako wa hemani watalalamika.

Beba seti mbili. Moja usiiguse mpaka usiku wa kilele. Taiti ikiwa ya nailoni, chukua.