Maji ya mtoto yalivyopungua nikiwa Pune

Jana usiku dada mmoja kaniandikia inboksi, ana wiki 34, ultrasaundi imeonyesha maji ya mtoto ni sentimita 4, anaulizia ile shatavari, dawa ya mizizi ya India niliyowahi kunywa, ataipata wapi. Dada, nimeshakujibu, hospitali kwanza. Ila mko wengi mnaouliza, basi niseme yote.

Yalinikuta Pune, India, mume wangu akiwa masomoni. Wiki ya 31 daktari kapitisha kile kifaa tumboni, kanyamaza, karudia, kaniambia 6. Chini ya 5 ndio wanahesabu maji yamepungua kabisa. Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani. Mama mwenye nyumba, tukimwita Kaku, akanichemshia maziwa akatia vijiko viwili vya shatavari, ni mzizi, wao wameuchanganya na sukari na iliki umekuwa chengachenga, na kule wajawazito wanapewa tangu enzi za bibi zao. Kesho yake akanipeleka kwa vaidya, daktari wa Ayurveda. Yule mzee hakunipa kitu, kataka karatasi ya ultrasaundi, halafu kaniuliza, unameza dawa gani?

Ibuprofen. Ya maumivu ya mgongo, wiki tatu, nilijinunulia mwenyewe na hospitali sikusema. Alinirudisha kwa daktari siku ileile. Kumbe dawa za aina ile ukishapita wiki 20 zinaweza kufanya figo za mtoto zitoe mkojo kidogo, na maji yale sehemu kubwa ni mkojo wake.

Nikaacha vidonge, nikanywa maji mengi, madafu, na maziwa ya Kaku, daktari akijua. Baada ya siku sita, 9! Nilimkumbatia Kaku pale mlangoni.

Kinachoniuma mpaka leo ni mtu wa ukweni aliyeandika kwenye grupu la familia eti namnyima mtoto maji kwa uvivu. Jamani, maji hupungua kwa chupa kuvuja, kondo la nyuma kutofanya kazi vizuri, figo za mtoto, mama msimlaumu. Na nyie wadada acheni kuficha dawa mnazomeza, mwambieni daktari, mwambieni na huyo wa mitishamba. Unga usio na lebo msinunue, kuna dawa za Ayurveda zimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Mtoto akipunguza kucheza usichemshe maziwa, toka nenda, hata kama ni saa nane usiku.

Dada wa wiki 34, ukishapimwa tena niandikie wamesema ngapi, nasubiri.