Nyama ilichemka, mbona watoto walitapika?

SWALI: Ndugu Mhariri, juma lililopita nilinunua nyama ya kusaga buchani, nyekundu na isiyo na harufu yoyote, nikaisuuza kwa maji ya chumvi, kisha nikaipika jioni hadi ikaiva. Iliyobaki niliiacha mezani katika sufuria iliyofunikwa. Kesho yake saa saba mchana niliichemsha barabara, tukala. Ilipofika saa kumi, watoto wawili walikuwa wakitapika mfululizo. Nimeapa kutorudi kwa yule muuza nyama. Je, kosa ni lake, au kuna lililonipita?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mliyoyapata. Kimelea chenyewe hutambuliwa kwa kupima choo, matapishi au mabaki ya chakula, si kwa barua. Hata hivyo, saa ulizozitaja zinasema mengi. Bakteria aitwaye salmonela kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 72 kabla ya kumwangusha mtu, na mwenzake kampilobakta huchukua siku 2 hadi 5. Kutapika baada ya saa 3 tu kunaelekeza kwenye sumu iliyokuwa imekwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa, na mshukiwa wa kwanza ni stafilokoka, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya, na ambaye hujaa zaidi penye jipu au kidonda kilichotunga usaha. Ulipochemsha kitoweo uliwaua bakteria wenyewe, lakini sumu yao hustahimili joto la maji yanayochemka, kwa hiyo ilibaki.

Sufuria yako ililala nje usiku mzima. Bakteria akipata uvuguvugu na unyevu anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa mwendo huo mmoja huwa zaidi ya milioni 2 katika saa 7. Kifuniko kilizuia nzi, basi. Mkono uliopakua au kijiko kilichoonjea na kurudishwa sufuriani vilikuwa vimekwisha kupita.

Simsafishi muuza nyama, kwani bidhaa aliyokuuzia ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote buchani. Ndani ya pande zima la nyama ya mnyama mwenye afya huwa hakuna bakteria, au ni wachache mno. Uchafu hukaa juu, ukiwa umetoka kwenye ngozi na utumbo wakati wa kuchuna na kupasua. Mashine ya kusagia huuchukua uchafu huo wa juu na kuuchanganya hadi katikati, pamoja na masalia yaliyonasa kwenye matundu yake tangu jana. Mtazame pia anavyofanya kazi: mkono uliopokea noti ndio unaorudi kwenye nyama, na kitambaa kilichofuta gogo ndicho kinachofuta kisu.

Wekundu ulioutegemea hutokana na nyama kukutana na hewa, wala si dalili ya usafi. Harufu nayo husababishwa na bakteria wanaoozesha, ambao mara nyingi si hao wanaowafanya watu waugue. Maji ya chumvi hayakukusaidia. Kusuuza hurusha matone yenye vimelea kwenye sinki na vyombo vya jirani. Hata rangi ya kahawia hudanganya, maana nyama ya kusaga inaweza kupoteza wekundu kabla katikati yake haijafikia nyuzi joto 71, kiwango kinachohitajika ili kuwaua bakteria kama Escherichia coli aina ya O157:H7, wanaoweza kuharibu figo za mtoto. Kwa hiyo mtoto akiharisha damu, au mkojo wake ukipungua, mpeleke hospitali bila kumpa kwanza antibiotiki za kujinunulia.

Kitoweo kinachobaki kigawe katika vyombo vipana visivyo na kina, kiingie ndani ya friji lenye nyuzi joto 5 au chini yake kabla ya saa 2 kupita. Buchani unaweza kurudi: chagua pande zima, uombe lisagwe mbele yako katika mashine iliyofunguliwa na kuoshwa. Akikukatalia, utakuwa na sababu ya kuhama iliyo nzito kuliko ile ya juma lililopita.