Lambo Nililolikosa kwa Mita Mia Tatu

Mara ya kwanza nilipoifuata ramani kuukuu hadi nyika ya Taru, nililikosa lambo lililochorwa humo kwa mita 300 hivi, nikabaki nimesimama katikati ya miiba huku simu ikisisitiza kwamba nimefika. Kosa lilikuwa langu. Ramani hizo za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia msingi mwingine, WGS84. Ukiingiza namba za ramani kama zilivyo, utapelekwa kaskazini mno. Rekebisha jambo hilo kwenye programu ya ramani ya simu kabla hujatoka Mombasa.

Soma pia pambizo. Ramani nyingi za aina hii zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, na mwaka wa picha si lazima uwe mwaka wa uchapishaji. Niliwahi kujisifu kwamba nimegundua kijiji kisichobadilika kati ya matoleo mawili, kumbe picha zilikuwa zile zile.

Kisha, kabla ya nyumba, zitazame njia za miguu. Kwenye karatasi yangu ya pande za Samburu (ile ya Kwale, si ya kaskazini), njia zinakutana penye maji na penye stesheni ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Leo nyumba za mabati zimeigeukia barabara kuu ya Nairobi, na garimoshi la abiria la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 lina vituo Mariakani na Miasenyi, si Samburu wala Taru.

Nenda na nakala, usiende na karatasi yenyewe, na umtafute mwenyeji mwenye umri. Mzee mmoja wa Kiduruma niliyemtandazia nakala yangu chini ya mbuyu hakujishughulisha na reli. Aliweka kidole palipoachwa peupe, akasema, “Hapa, mwanangu, ndipo ng’ombe wa baba walipokaa kiangazi.” Mchoraji hakuona nyumba, basi hakuandika kitu. Tangu hapo kila nafasi tupu naizungushia penseli na kuiulizia.

Nilipomtajia lambo, aliinuka, akaniongoza hadi kwenye shamba la mahindi ambalo siku ile nililipita bila kuligeukia. Lambo lilikuwa limejaa mchanga zamani. Tuta lake lilibaki kimo cha goti, na mahindi ya upande wa ndani yalikuwa mabichi kuliko ya nje.